Shahada ya utalii na ukarimu: mtu husomea nini hasa?

Mfanyabiashara wa Lubumbashi, Kongo, akija Kariakoo kununua mzigo, akalala gesti siku tatu kisha akarudi kwao, ni mtalii. Katika hesabu za kimataifa anawekwa kundi moja na Mjerumani aliyekwenda Serengeti kupiga picha za simba. Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii, lenye makao yake Madrid, linamhesabu mtalii kuwa ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku kwa muda usiofika mwaka, awe amekwenda kupumzika, kufanya biashara, kuhiji, kutibiwa au kuona ndugu, mradi hakwenda kuajiriwa huko. Akilala hata usiku mmoja ni mtalii. Akirudi siku ileile ni mtembezi wa siku.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana na maelezo hayo mapema, na ni vizuri ayaelewe kabla hajaendelea, kwa sababu sera nzima huweza kusimama juu ya usiku huo mmoja. Mwaka 2024 mji wa Venice ulianza kutoza euro 5 kwa mtembezi wa siku anayeingia siku za msongamano. Anayelala hotelini mjini humo hatozwi kiingilio hicho, kwani kodi ya usiku anailipia hotelini. Anayeshuka asubuhi, akajaza vichochoro na kuondoka jioni huacha fedha kidogo na takataka nyingi, na mji umeamua kumshughulikia peke yake.

Kwa hiyo shahada ya utalii na ukarimu ni masomo ya watu walio mbali na kwao: kwa nini wametoka, wamefikaje, nani anawalaza na kuwalisha, fedha yao inapita mikono gani, na mahali walipofika panabaki na nini. Upande wa ukarimu unashughulika na hoteli, migahawa, kumbi za mikutano na sherehe. Upande wa utalii unashughulika na safari, mawakala, hifadhi, makumbusho, fukwe na mipango ya serikali. Vyuo vingi huziunganisha pande hizi mbili, na mimi naona ni sawa, maana meneja wa hoteli asiyejua kwa nini wageni wamepungua mbugani hataelewa kwa nini vyumba vyake ni vitupu.

Fani yenyewe ilianzia jikoni na mapokezi. Mwaka 1893 wenye hoteli wa Uswisi walianzisha shule ya hoteli mjini Lausanne, kwa kuwa wageni waliokuwa wakimiminika kwenye milima na maziwa walikuwa wengi kuliko wafanyakazi wenye ujuzi. Mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani kikaanza kufundisha uendeshaji wa hoteli kwa kiwango cha shahada. Ellsworth Statler, tajiri wa mahoteli wa wakati huo, hakuamini mwanzoni kwamba kazi hiyo husomewa darasani, hadi alipokwenda kuwaona wanafunzi wakiendesha hoteli wenyewe. Baada ya hapo mali yake ikawa nguzo ya shule hiyo. Kwetu, Chuo cha Utalii cha Kenya kilifunguliwa Nairobi mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kikiwa na hoteli yake ndani ya uzio uleule, na mwanafunzi hujifunzia kwa mgeni aliyelipa. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kilianza mwaka 1963 kwa upande wa wanyamapori.

Swali ambalo wazazi huuliza ni kama mtoto atakaa miaka mitatu au minne akijifunza kutandika vitanda. Atatandika, ndiyo. Lakini kutandika kitanda kwa ustadi hufundishwa vizuri kwenye astashahada na stashahada, na aliyepitia huko mara nyingi humshinda mwenye shahada kwa mikono. Chuo kikuu kinamdai mwanafunzi kitu kingine: ajue kwa nini kitanda kile kiuzwe dola 60 leo na dola 110 mwezi Agosti, na nani aamue hivyo.

Hapa ndipo penye utamu wa fani hii, na ningependa tukae hapo kidogo. Chumba ambacho hakikuuzwa usiku wa leo hakiuziki tena. Usiku huo umepotea na fedha yake. Muuza vitenge akikosa mteja leo, kitenge kipo kesho. Mwenye hoteli hana hiyo nafasi, wala shirika la ndege halina. Ndiyo maana bei za vyumba na viti hupanda na kushuka kila saa, mtindo ulioanzia kwenye mashirika ya ndege ya Marekani kabla hoteli hazijauchukua.

Chukua hoteli ya vyumba 100. Usiku mmoja wa masika imeuza vyumba 60 kwa dola 80, ikapata dola 4,800. Meneja anaona aibu ya vyumba 40 kulala vitupu, anashusha bei hadi dola 60, na usiku unaofuata vyumba 90 vinajaa. Mapato ni dola 5,400. Ukigawa kwa vyumba vyote 100, kila chumba kimeingiza dola 54 badala ya 48, na mtu anaweza kupongezwa kikaoni. Sasa weka gharama. Tuseme kila chumba chenye mgeni kinakula dola 20: kufua mashuka na taulo, sabuni, maji, umeme wa kiyoyozi, kifungua kinywa, mshahara wa anayesafisha. Vyumba 60 vimekula dola 1,200, zimebaki 3,600. Vyumba 90 vimekula dola 1,800, zimebaki 3,600. Hoteli imejaa, wahudumu wamechoka, magodoro yamechakaa zaidi, na kilichobaki ni kilekile. Tena wageni wameshazoea dola 60, na kuwarudisha kwenye 80 ni kazi. Upande wa pili, wageni 30 wa ziada huenda walikula chakula cha usiku na kukodi boti, na hapo hesabu inageuka tena. Mwanafunzi anayeweza kuipitia hesabu hii bila kukurupuka, akauliza wageni hao ni akina nani na wamekuja kwa njia ipi, ameanza kuielewa kazi.

Njia waliyopitia ina uzito wake, kwa sababu tovuti za kuwekea nafasi hukata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 au zaidi ya bei ya chumba. Mgeni aliyepiga simu mwenyewe na aliyekuja kupitia tovuti wanaweza kulala vyumba jirani kwa bei moja, na hoteli ikabaki na fedha tofauti.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikosea: jina lililo juu ya hoteli si lazima liwe la mwenye jengo. Kampuni kama Marriott na Hilton zinamiliki sehemu ndogo sana ya hoteli zenye majina yao. Mwenye jengo ni mmoja, jina ni la mwingine, na anayeendesha kila siku anaweza kuwa wa tatu, analipwa asilimia ya mapato na nyongeza faida ikipatikana. Watu wa Dar es Salaam wameliona hili kwa macho: Hoteli ya Kilimanjaro ilifunguliwa miaka ya 1960, baadaye ikaitwa Kempinski, kisha Hyatt Regency, na jengo halijahama barabara. Mikataba ya namna hii ndiyo inayofanya masomo haya yawe ya dunia nzima, kwani mwenye mali, mwenye jina, wakala na mgeni wanaweza kutoka nchi nne. Anayesaini mkataba huo bila kuuelewa atalipa ada ya jina hata mwaka wa hasara.

Kwa msomaji wa pwani, somo ninaloliona kuwa zito kuliko yote ni la uvujaji, yaani fedha ya utalii kutobaki mahali mgeni alipofika. Mgeni wa Ulaya amelipia kwao kila kitu kwa mkupuo: ndege, hoteli, chakula na vinywaji. Ndege si ya hapa, hoteli huenda si ya mtu wa hapa, na sehemu kubwa ya fedha haikupata kuvuka bahari. Wanafunzi hupewa zoezi la kufuata sahani ya kifungua kinywa: yai limetoka wapi, siagi wapi, juisi ile ni ya embe la Unguja au ya boksi lililoshuka bandarini? Mwalimu mzuri hawaachi kwenye lawama. Anawauliza mpishi mkuu anahitaji mayai mangapi kwa wiki, ya ukubwa gani, nani wa kijijini anaweza kuyatoa kila siku hata wakati wa mvua, na kama hoteli iko tayari kumlipa kwa wakati. Mara nyingi mfugaji huacha kuuzia hoteli kwa sababu malipo yanakaa miezi, na hilo hutengenezwa mezani kwa mhasibu.

Korona ilifundisha upande wa hatari wa fani hii. Mwaka 2019 safari za watalii wa kimataifa zilipita bilioni 1.4, mwaka 2020 zilianguka kwa zaidi ya asilimia 70. Tangu hapo suala la mtalii wa ndani, yaani wa Nairobi anayekwenda Mombasa na wa Mwanza anayekwenda Ngorongoro, limepata heshima zaidi, na ilikuwa haki yake tangu zamani.

Anayetaka kuomba nafasi asiangalie jina la kozi peke yake. Aulize filidi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ni ya miezi mingapi, na kama mwanafunzi huzungushwa idara zote au huachwa miezi yote akibeba mizigo. Aulize kama kuna lugha ya tatu inayofundishwa hadi mtu aweze kuzungumza na mgeni, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano au Kichina, na si salamu tu. Aulize uhasibu unachukua mihula mingapi. Kisha amtafute aliyehitimu miaka miwili iliyopita amuulize yuko idara gani sasa, na alianzia wapi.