Kwa nini bega lililoganda hutiwa dawa puani?

Katika tiba ya Ayurveda ya India, mgonjwa ambaye bega lake limekakamaa huweza kulazwa chali, akakandwa uso na shingo kwa mafuta ya uvuguvugu, akapashwa joto, kisha akatiwa matone ya mafuta katika matundu ya pua. Tiba hiyo huitwa nasya, na ugonjwa wenyewe apabahuka.

Wengi hudhani kwamba bega hilo limekauka, na kwamba mafuta hupenya hadi kulilainisha. Sivyo. Hakuna mfereji utokao puani kwenda begani, na mafuta ya kupaka hayapiti misuli minene hadi ndani ya kiungo. Isitoshe, tatizo si ukosefu wa ute, bali ni mfuko wa tishu unaokizunguka kiungo. Fundi wa kanzu hushona kikwapa ili mvaaji aweze kuinua mkono. Kikwapa kikinywea baada ya kufuliwa, mkono hukwama ingawa bega la mvaaji ni zima, na kukipaka mafuta hakukirudishii upana wake. Vivyo hivyo mfuko wa bega huwaka uvimbe, hujaa nyuzi za kolajeni, huwa mnene na kusinyaa, na ile nafasi ya ziada ya kwapani hutoweka. Ndiyo maana mkono hauinuki hata ukiinuliwa na mtu mwingine.

Cha ajabu, Sushruta Samhita, maandiko ya kale ya Ayurveda, husema kwamba vata, nguvu ya upepo mwilini, ikikaa begani hukausha vifungo vyake na kukunja mishipa. Kukunjamana kumo, ingawa hilo halithibitishi kwamba wazee hao waliujua mfuko wenyewe. Pua nayo huhesabiwa kuwa lango la kichwa, na nasya ni tiba ya maradhi ya juu ya mitulinga. Bega liko mpakani hapo.

Je, husaidia? Joto na ukandaji huweza kutuliza maumivu kwa muda, jambo linalorahisisha mazoezi ya kunyoosha bega. Kuhusu matone ya puani, tafiti nyingi ni ndogo, na ugonjwa huu, unaowapata zaidi wenye kisukari, mara nyingi hupungua wenyewe katika mwaka mmoja hadi mitatu, hivyo dawa inayoanzwa mwishoni hujizolea sifa kwa urahisi. Mafuta yenyewe, yakivutwa hadi mapafuni, huweza kusababisha nimonia.