Mtoto Katikati ya Vita: Maswali na Majibu Kuhusu Afya na Misaada

Katika vita, si mabomu na risasi ndizo zinazoua watoto?

Zinaua, na zinalemaza. Lakini familia zikishahama makwao na kurundikana mahali pamoja, watoto wengi hufa kwa maradhi tunayoyajua siku zote: kuhara, surua, nimonia, malaria, na njaa inayoyapa maradhi hayo nguvu. Wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma mwezi Julai 1994, watu wapatao 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Ndiyo maana lori la maji na mchimba vyoo wanahitajika mapema sawa na daktari. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni walau lita 15 za maji kwa kila mtu kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Siku za mwanzo ni nadra kufikia hapo, na watoto ndio wa kwanza kulipa.

Ule utepe wa rangi anaofungwa mtoto mkononi ni wa nini?

Unapima utapiamlo kwa watoto wa miezi 6 hadi chini ya miaka 5. Mhudumu hukunja mkono wa kushoto wa mtoto, hutafuta katikati ya bega na kiwiko, kisha huuacha mkono ulegee na kuuzungushia utepe bila kuukaza. Sentimita 12.5 na kuendelea ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na hapo mtoto ana utapiamlo mkali. Kwa macho huwezi kupima hivyo, hasa mtoto akiwa amevaa nguo nyingi.

Kina mama wanaweza kufundishwa kuutumia wenyewe, na mimi naona hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mama yuko na mtoto kila siku, na mhudumu huenda akapita mara moja kwa mwezi, au asipite kabisa barabara zikifungwa.

Kuna dalili nyingine ambayo utepe hauioni. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya nyayo, hesabu hadi tatu, kisha achia. Pakibaki shimo miguu yote miwili, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo hata kama utepe unaonyesha kijani. Mtoto huyo anaweza kuonekana mnene, mashavu yamejaa, na watu wakampongeza mama yake, kumbe ni maji ya utapiamlo.

Mtoto aliyepimwa nyekundu ashibishwe haraka?

Hapana. Mwili uliozoea njaa ukijazwa chakula kwa pupa unaweza kushindwa, na moyo ukasimama. Mtoto asiyetaka kula, au mwenye ugonjwa mwingine mzito, hulazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo, usiku na mchana. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mzito hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, ile pakiti ya karanga zilizosagwa na kuchanganywa na maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Cha kwanza cha aina hiyo, Plumpy'Nut, kilibuniwa Ufaransa mwaka 1996. Pakiti moja ina gramu 92 na nguvu ya takriban kilokalori 500. Hakipikwi, hakichanganywi na maji, hakihitaji jokofu. Mama hukata kona ya pakiti, mtoto akafyonza. Maji safi ya kunywa awekewe pembeni, kwa kuwa kinaleta kiu.

Pakiti hizo ni dawa ya mtoto aliyeandikiwa. Lakini mama mwenye watoto wanne wenye njaa na pakiti za mmoja tu yuko katika mtihani ambao mimi siwezi kumlaumu akiushindwa. Dawa yake ni familia nzima kupata mgao wa kutosha. Kipimo cha kupangia mgao ni kilokalori 2,100 kwa kila mtu kwa siku. Mgao ukipunguzwa, chakula dawa hugawanywa, na mtoto anarudi kwenye nyekundu.

Anahara, na kituo cha afya kiko mbali. Nifanye nini?

Mpe maji ya ORS, yaani mchanganyiko wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini, tangu choo laini cha kwanza. Pakiti huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Ukiikosa, tia katika lita 1 ya maji safi vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha juu. Kila anapohara, aliye chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi ya hapo mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Aendelee kunyonya na kula. Zinki ikipatikana, apewe kwa siku 10 hadi 14. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa au akihara damu, usisubiri tena.

Dawa hii ilithibitika vitani. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, India, akawapa wagonjwa wa kipindupindu maji ya sukari na chumvi. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4.

Hofu inakausha maziwa ya mama?

Haiyakaushi. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kutoka, na mtoto akalia kwa hasira titini, mama akaamini yamekwisha. Mtoto akiendelea kunyonyeshwa, yanarudi. Hata mama aliyekonda hutoa maziwa. Anayehitaji kulishwa ni yeye, na kupewa kona ya faragha aketi atulie. Kwa hiyo ukitaka kusaidia, usitume maziwa ya kopo. Panapokosekana maji safi na moto wa kuchemshia, chupa humletea mtoto kuhara. Wapo watoto wachanga wasio na wa kuwanyonyesha, na hao hupewa maziwa hayo na wahudumu wanaowafuatilia mmoja mmoja.

Kwa nini watoto huchanjwa surua upya kambini?

Msongamano huifanya surua ienee kama moto, na kwa mtoto mwenye utapiamlo huua. Katika dharura chanjo huanza miezi 6. Dozi inayotolewa kabla ya miezi 9 haihesabiwi, hivyo mtoto atachanjwa tena baadaye. Kadi ikipotea njiani, usione aibu kusema. Kuchanjwa mara mbili hakumdhuru.

Tangu tukimbie, mwanangu amerudi kukojoa kitandani na haongei.

Usimchape wala usimwaibishe. Ni mwili unaoonyesha hofu, na kwa watoto wengi hupungua wakipata usalama. Mrudishie vitu vinavyojirudia kila siku: saa ya kula, hadithi ya usiku, michezo na wenzake. Akitaka kusimulia, msikilize, usimlazimishe. Wiki zikipita bila nafuu, au akikataa kula, mwone mhudumu.

Nimemkuta mtoto peke yake. Nimchukue nimlee?

Mlinde na kumlisha, kisha mpeleke akaandikishwe kwa wanaofuatilia watoto waliopotezana na ndugu, kama Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu. Usimhamishe mbali na alipopatikana, maana mama yake ataanzia hapo hapo kumtafuta. Muulize jina lake, la baba, la kijiji, na yule bibi aliyempikia anaitwaje. Yaandike yote siku hiyo, na nguo alizovaa zitunzwe bila kutupwa.