Je, wajua kwa nini nesi anakuuliza jina na faili yako anayo mkononi?

Umelazwa, kule mapokezi waliandika kila kitu, halafu sista anakuja na sindano anakuuliza tena "unaitwa nani?" Wengi hukasirika hapo, wanaona hawa watu hawana mpangilio. Lakini hilo swali ndilo linakulinda, na ukiona hospitali inalirudia labu, kwa dawa, kabla ya kuongezewa damu, hapo kazi inafanywa vizuri, juu damu ya grupu isiyo yako inaweza kuua.

Nairobi majina yanafanana sana. Wodi moja unaweza pata kina Mary Wanjiku wawili na kina John Otieno watatu, na wagonjwa huhamishwa vitanda, kwa hivyo namba ya kitanda haitoshi. Ndio maana wanataka angalau vitu viwili, jina kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa ama namba ya hospitali. Na sikiza vile swali linaulizwa: "unaitwa nani?", si "wewe ndio Mary?" Mtu mwenye homa kali ama aliyelewa dawa ataitikia jina lolote.

Tunakumbuka 2018 pale Kenyatta, wagonjwa wawili walichanganywa, mmoja alikuwa na damu imeganda kwa ubongo na mwingine alikuwa na uvimbe tu, hakuhitaji upasuaji, na huyu wa pili ndiye alifunguliwa kichwa, madaktari wakaja kugundua masaa kadhaa baadaye kwamba hakuna damu iliyoganda. Inauma hadi leo.

Thieta kuna orodha ya WHO ya 2008, mambo 19, inapitiwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kupasua na kabla mgonjwa hajatolewa, na kitu cha kwanza kabisa ni kuhakikisha huyu ni nani. Walipoijaribu kwa hospitali za miji 8, mmoja ukiwa Ifakara hapo Tanzania kwa majirani, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu jamani!

Kwa hivyo ukiulizwa taja jina lote, hata kama ni mara ya tano. Na mtu akileta dawa bila kuuliza, mwambie kwa upole, "sista, hiyo ni ya nani?" Ni haki yako, na nesi anayejua kazi yake hatakasirika. Mzazi akilazwa na hawezi kuongea vizuri, muulizie wewe.