Mlingoti Ukishatoka, Panga Haliokoi Mkonge

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu la ushauri hapa Tanga yameongezeka tangu wakulima wadogo waitikie kampeni ya kufufua mkonge, na mengi yanahusu jambo lile lile: mlingoti, ile nguzo ndefu ya maua inayochomoza katikati ya mkonge. Kuna anayesema ameuziwa mbegu mbovu. Kuna anayesema shamba limetupiwa jicho. Na wapo, wengi kuliko nilivyotarajia, ambao wameshapita shambani na panga na kukata milingoti yote, kwa imani kwamba mkonge usipochanua hautakufa.

Utakufa. Naomba tuanzie hapo, kisha tuelewane kwa nini.

Mkonge una kichomozi kimoja tu. Kimejificha katikati kabisa, chini ya ule mkuki wa majani machanga yaliyojisokota. Kila jani ulilowahi kukata na kupeleka korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, lilitengenezwa hapo. Wakati wa kuchanua ukifika, kichomozi hicho hicho huacha kutoa majani na kugeuka kuwa mlingoti. Hakuna kingine juu ya shina kilichobaki kuendeleza kazi. Kwa hiyo anayekata mlingoti harudishi kichomozi, anakitupa porini pamoja na vikonyo, miche midogo inayoota kwenye mlingoti, ambavyo angevipata.

Najua mtu ataniambia, "Mbona wangu niliukata na bado ni wa kijani?" Ni kweli, hukaa kijani kwa miezi mingi. Mmea ulikuwa umeweka akiba ya wanga na sukari kwenye shina na kwenye matako ya majani kwa ajili ya kusukuma mlingoti wa mita tano au sita. Umeuzuia kutumia akiba hiyo, kwa hiyo unaila polepole. Meksiko wanafanya hivyo kwa makusudi kwenye agave ya kutengenezea pombe ya tequila, ndugu yake mkonge: hukata mlingoti ungali mchanga ili sukari ibaki shinani, kisha wanang'oa mmea na kuupika. Wao wanajua wanachotafuta. Wewe unatafuta jani, na jani jipya halitatoka tena pale. Chunguza katikati ya huo mmea uliouponya, uniambie kama umeona mkuki mpya.

Watu wa pwani wana mfano mzuri mbele ya nyumba zao. Mnazi nao una moyo mmoja, na kila mkwezi anajua ukiutoa moyo mnazi umekwisha. Lakini karara la mnazi hutokea ubavuni, kwenye kwapa la kuti, na moyo unabaki juu ukisukuma makuti mapya. Ndiyo sababu mnazi huzaa miaka na miaka. Tofauti ni mahali ua linapotokea, hakuna laana ndani yake. Mgomba uko upande wa mkonge: shina likishabeba mkungu halibebi mwingine, linakatwa na mwana anashika nafasi. Sijawahi kuona mtu akija ofisini kulalamika kwamba mgomba wake umekufa baada ya kuzaa. Mahindi nayo hufa baada ya kubeba, tena ndani ya miezi michache, na tunashukuru Mungu kwa mavuno. Mkonge umekosea nini?

Kosa lake, nadhani, ni kuchukua muda mrefu mpaka mwenye shamba anasahau. Na hapa ndipo penye hasara ya kweli. Alikuja mstaafu mmoja, mtu mwenye adabu zake, na bahasha ya mkataba mkononi. Alikuwa ametumia sehemu ya kiinua mgongo kununua ekari nane za mkonge. Alipolikagua shamba lilikuwa limesimamisha milingoti toka mwanzo hadi mwisho, maua ya kijani kilichochanganyika na manjano, nyuki wanavuma. Akaona neema. Muuzaji alimwambia shamba limekomaa, na kusema kweli hakudanganya.

Angehesabu. Mkonge wa kawaida, ule Agave sisalana, hutoa majani kati ya 200 na 250 katika uhai wake, halafu huchanua. Kinachofuatwa ni idadi ya majani kuliko idadi ya miaka. Kwenye joto, mvua ya kutosha na udongo wenye chokaa, majani hayo hutoka haraka na mlingoti unaweza kuonekana mwaka wa saba au wa nane. Kwenye baridi au ukame, mmea huohuo huchelewa sana. Mkulima ambaye shamba lake limewahi kuchanua kuliko la jirani mara nyingi ana udongo mzuri zaidi, na ndiye anayekuja kulalamika kuhusu mbegu. Chotara namba 11648, aliyepatikana kwa uzalishaji uliofanywa kwenye vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano, anaweza kufikisha majani kama 600 kabla ya mlingoti, ingawa naye ana udhaifu wake, hasa ugonjwa wa madoa wa Korogwe.

Kuhesabu si kazi ya mtaalamu. Kila jani lililokatwa limeacha kovu kwenye shina. Piga magoti, safisha shina kwa brashi, hesabu makovu, ongeza majani yaliyobaki. Ukipata makovu 170 na majani 40, mkonge huo una majani 210 na umebakiza mkato mmoja au miwili. Angalia pia katikati: mkuki ukianza kuwa mwembamba na majani mapya kuwa mafupi kuliko yaliyotangulia, kichomozi kimeshageuka hata kama mlingoti hujauona. Baada ya hapo unakwenda kasi. Niliwahi kuegemeza ufito kwenye mlingoti mchanga na kuuwekea alama asubuhi. Kesho yake saa ile ile alama ilikuwa imeachwa nyuma kwa upana wa kiganja.

Kwa nini mmea uishi miaka yote hiyo na kumaliza kila kitu kwa mara moja? Jibu zuri zaidi ninalolijua kwa upande wetu wa Afrika liko Mlima Kenya. Kuna aina mbili za mmea uitwao lobelia huko juu. Lobelia telekii huishi miongo kadhaa, hutoa mnara mmoja wa maua, hufa. Lobelia keniensis huchanua, hupumzika, huchanua tena. Mtafiti Truman Young alizifuatilia kwa miaka mingi na kuona kwamba ile ya mara moja hukaa kwenye miteremko mikavu yenye mawe, na ya pili kwenye mabonde yenye unyevu. Mahali pakavu, muda kati ya kuchanua na kuchanua tena ungekuwa mrefu mno, na uwezekano wa mmea kufika hapo ukiwa hai ni mdogo. Kuweka akiba kwa ajili ya safari ya pili ambayo huenda isifike ni kupoteza, kwa hiyo inatumia yote na kutoa mbegu nyingi zaidi. Agave nyingi za Meksiko zimetokea kwenye mazingira ya aina hiyo. Mlingoti mrefu una faida nyingine kule: maua yanaonekana na kufikiwa na wachavushaji, wakiwemo popo, ambao huvutwa na mnara mkubwa kuliko mdogo.

Mianzi ina hesabu tofauti. Baadhi ya aina huchanua msitu mzima kwa pamoja, zikatoa mbegu nyingi kiasi kwamba panya hushiba na nyingine zikabaki kuota. Kwenye jimbo la Mizoram nchini India hutokea takriban kila miaka 48. Panya huongezeka kwa mbegu hizo, na zikiisha huhamia mashambani. Njaa iliyofuata kuchanua kwa mwaka 1959 ni miongoni mwa vyanzo vya uasi wa mwaka 1966. Mkonge wetu hauna makubwa hayo, ila nataja ili ieleweke kwamba mmea kufa baada ya kuchanua ni utaratibu unaojulikana duniani kote.

Mkonge wenyewe una kituko kimoja zaidi: mlingoti wote ule, na mbegu karibu hakuna. Una seti tano za kromosomu, vile vibeba urithi vya ndani ya seli, namba isiyogawanyika sawa, kwa hiyo maua mengi hudondoka bure. Badala yake, pale maua yalipodondokea huchomoza vikonyo, miche midogo kamili yenye majani na vijizizi. Mlingoti mmoja hubeba vikonyo 1,000 hadi 2,000, mara nyingine zaidi. Huku chini, mmea ulishatoa maotea kutoka kwenye vishina vinavyotambaa ardhini tangu ukiwa kijana. Vikonyo na maotea ni mama yuleyule, bila tofauti. Tasnia nzima ya mkonge nchini ilianzia hapo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipokea Pangani vikonyo vilivyotoka Florida kupitia Hamburg. Vilianza safari 1,000, vikafika hai 62. Vikapandwa Kikogwe, vikachanua, vikafa, na vikonyo vyake vikajaza mashamba. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kama yule bwana angekata milingoti yake ya kwanza, leo tungekuwa tunazungumzia zao jingine.

Sasa utaratibu, na hapa naomba usomwe taratibu kwa sababu ndipo watu wanapoingia matatani.

Mlingoti ukitoka, amua mapema unataka nini. Ukitaka singa, yaani nyuzi, kata majani yote yaliyobaki, maana hayaongezeki na ubora wake unashuka kadiri yanavyokauka. Ukitaka vikonyo, yaache majani kwenye mimea mama uliyoichagua, kwa sababu ndiyo yanayolisha mlingoti. Huwezi kupata vyote viwili kwenye mmea mmoja. Mama achaguliwe kwa kuhesabu: mwenye majani mengi, asiye na madoa, asiyeliwa na fukusi. Usichukue vikonyo kwenye mkonge uliochanua mapema ukiwa na majani machache kuliko wenzake wa mstari huohuo. Vikonyo vikikomaa tikisa mlingoti, okota vikubwa, vidogo viache. Kitaluni hukaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Shambani, kwa mistari miwili miwili, acha mita 4 kati ya jozi, mita 1 kati ya mistari ya jozi na sentimita 80 kati ya mche na mche. Hiyo ni miche 5,000 kwa hekta, kama 2,000 kwa ekari. Mlingoti mmoja mzuri basi unakaribia kupanda ekari.

Ni kwa sababu hiyo vikonyo sasa vina bei, na kwa sababu vina bei vinaibwa. Vijana wanaoingia usiku kwenye mashamba makubwa kuangusha milingoti wanadhani wanaokota takataka, kwa kuwa zamani watu waliachiwa milingoti wakajengee mapaa na ngazi. Kisheria ni mali ya mwenye shamba. Kuchukua ni wizi, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaruhusu kifungo hadi miaka 7. Kuangusha tu bila kuchukua, kwa makusudi, ni kuharibu mali, nako kifungo kinaweza kufika miaka 7. Anayepewa milingoti na mwenye shamba aombe karatasi yenye jina, tarehe na idadi, isainiwe pande zote mbili na nakala ibaki kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Karatasi hiyo itembee na mzigo. Tumewahi kuona mtu aliyepewa kihalali akilala mahabusu kwa kukosa kipande cha karatasi.

Kupanda vikonyo vyako kwenye shamba lako hakuhitaji ruhusa ya mtu. Kuvifanya biashara ni jambo jingine. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 inamtaka anayezalisha na kuuza mbegu asajiliwe, na msimamizi wake ni Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu, TOSCI. Usianze kukusanya ndipo uulize. Uliza, kitalu kikaguliwe, kisha uuze. Mkaguzi akikuta madoa ya Korogwe kitaluni, miche haitatoka, na kulia kwamba umeshapokea malipo ya awali hakutabadilisha uamuzi wake.

Yule mstaafu, kwa taarifa yenu, aliokota. Ekari nane za milingoti si haba. Alichagua mimea mama, akatenga kitalu karibu na maji, akang'oa visiki vilivyokauka na kuvirundika mbali na kitalu, kwa kuwa fukusi huzaliana humo. Shamba la zamani atalipanda upya kwa awamu, ekari mbili mbili, ili lisichanue lote kwa mpigo tena.

Anayetaka kutuona, dawati liko wazi siku za kazi asubuhi. Njoo na hesabu ya majani ya mimea kumi, makovu na yaliyobaki kila kimoja mbali, ukiandika na mwaka uliopanda. Usije na picha ya mlingoti kwenye simu. Picha za milingoti tunazo.