Je, wajua kwa nini bakteria mwenye jina la mafua haleti mafua?

Kwa miaka mingi sasa, mtoto anayepelekwa kliniki Tanzania au Kenya akiwa na wiki 6, 10 na 14 huchomwa chanjo ya pentavalenti. Sindano moja, kinga tano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na ya tano ni Hib, yaani Haemophilus influenzae aina ya b. Mzazi akiliona neno influenzae hujiambia mtoto ameshakingwa na mafua. Baada ya muda mfupi kamasi zinatiririka, na chanjo ndiyo inayolaumiwa.

Chanjo haina kosa hapo. Haemophilus influenzae haleti mafua. Aina yake ya b huwapa watoto wadogo homa ya uti wa mgongo na nimonia, magonjwa yanayoua, ndiyo maana ikatafutiwa chanjo. Influenza, yale mafua makali yanayolaza watu kitandani, huletwa na virusi, ambavyo havina hata seli na havionekani kwa hadubini ya kawaida ya maabara.

Basi jina limetoka wapi? Kuanzia 1889 influenza iliizunguka dunia, na mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alimkuta bakteria huyu kwa wagonjwa, akatangaza kwamba mhusika amepatikana. Aliaminiwa kwa muda mrefu. Hata janga la 1918 lilipopiga, maabara nyingi zilikuwa zikimsaka bakteria yuleyule. Virusi vya influenza ya binadamu vilikuja kutengwa London mwaka 1933. Wakati huo bakteria alikuwa ameshazoeleka kwa jina hilo, na analo mpaka leo.

Mtu atasema huo ni uzembe wa wanasayansi. Kumbe ni sheria, tena imeandikwa. Kanuni za kimataifa za kuwapa majina bakteria zinasema jina halali halibadilishwi kwa sababu tu halifai. Zinasema pia kwamba kazi ya jina ni kutufanya tujue tunamtaja nani. Tabia na historia yake si kazi ya jina. Ukishalikubali hilo, mengi yanayoonekana vurugu katika majina haya yanaanza kueleweka.

Chukua mtaa unaoitwa Mwembeni. Uliitwa hivyo kwa sababu ya mwembe mmoja mkubwa, na kwenye daftari la mtaa pakaandikwa: Mwembeni ni mtaa ule wenye mwembe huu. Hakuna anayedai kwamba kila mkazi ana mwembe uani, wala hakuna anayekwenda pale akashangaa kukuta wanauza samaki. Siku mtaa ukigawanywa, upande wenye mwembe ndio unaobaki Mwembeni, hata kama una nyumba kumi tu na upande wa pili una mia tano. Hao wa nyumba mia tano watafute jina jipya. Na ikigundulika kwamba Mwembeni na mtaa jirani ni mtaa mmoja ulioandikwa mara mbili kwa majina mawili, linabaki jina lililotangulia kuandikwa. Mipaka inaweza kusogezwa kila viongozi wakibadilika, mwembe hausogei.

Kwa bakteria, mwembe ni bakteria wenyewe, wazima: kizazi kimoja, yaani bakteria wa asili moja, kilichoteuliwa kuwa kielelezo cha spishi. Hukaushwa kwa baridi na kufungiwa ndani ya kichupa cha kioo, au hugandishwa. Kielelezo cha Haemophilus influenzae kimo katika hifadhi ya taifa ya Uingereza, NCTC, kwa namba 8143. Tangu 2001, anayetaka kutangaza spishi mpya hulazimika kupeleka kielelezo chake kwenye hifadhi mbili zilizo katika nchi mbili tofauti, ili moja ikiungua nyingine iwepo. Vichupa hivi ni vivumilivu ajabu. Namba 1 ya NCTC ni bakteria wa kuhara damu aliyetoka kwa askari wa Kiingereza aliyefia Ufaransa mwaka 1915. Karibu karne nzima baadaye aliamshwa, jenomu yake, yaani DNA yake yote, ikasomwa, na akaonekana haguswi na penisilini, dawa ambayo askari yule alipokufa ilikuwa haijagunduliwa.

Mfano mzuri wa mtaa kugawanywa umo ndani ya kibuyu cha togwa. Watafiti waliochunguza togwa ya Tanzania walimkuta sana bakteria aliyeitwa Lactobacillus plantarum. Jenasi, yaani kundi la spishi, ya Lactobacillus ilikuwa imevimba hadi spishi zaidi ya 260, nyingine zikiwa hazina undugu wa karibu kabisa, na mwaka 2020 ikavunjwa ikawa jenasi 25. Mwembe ulikuwa kwa Lactobacillus delbrueckii, ambaye mmoja wa jamaa zake hutengeneza yogati, kwa hiyo yeye na ndugu zake wa karibu wakabaki na jina. Bakteria wetu wa togwa akahama na kuwa Lactiplantibacillus plantarum. Togwa haikubadilika ladha. Wachapishaji wa lebo, hao nawaonea huruma.

Kabla ya utaratibu huu kukaza, kila mtafiti alijibatizia bakteria alivyopenda, na majina yakafika makumi ya maelfu, mengi yakiwa hayana kielelezo popote. Tarehe 1 Januari 1980 ikatolewa orodha rasmi ya majina zaidi ya 2,000 yaliyokubaliwa, na jina lisilokuwemo likapoteza hadhi. Nchi chache zimewahi kusafisha daftari la vijiji vyake kwa ukali wa namna hiyo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Salmonella, na kinatuhusu. Kwanza, hana uhusiano na samaki aina ya salmoni. Ameitwa kwa heshima ya Daniel Elmer Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ambaye msaidizi wake Theobald Smith alimtenga bakteria wa kwanza wa kundi hili mwaka 1885 kwa nguruwe waliokuwa wakifa kwa tauni ya nguruwe. Walidhani wamempata mwuaji. Nao walikosea: tauni ile huletwa na virusi. Yaani makosa yaleyale ya Pfeiffer, miaka saba kabla yake.

Baadaye ikaonekana kwamba Salmonella wanatofautiana kwenye ngozi zao za nje na kwenye mikia wanayoogelea nayo. Kuwatambua ni kazi ya mikono: unachukua kipande cha kioo, unadondosha tone la seramu yenye kingamwili za aina moja, unachanganya na bakteria kidogo, kisha unakiinamisha kioo huku na huku ukikitazama dhidi ya mwanga. Uji ukibaki laini, siye. Ukikatika punjepunje kama maziwa yaliyoganda, umempata. Unarudia kwa seramu nyingine na nyingine, mpaka upate fomula ya herufi na tarakimu inayomhusu huyo peke yake. Kila fomula huitwa serova, na zimeshahesabiwa zaidi ya 2,500.

Kwa miongo mingi kila serova ilichukuliwa kuwa spishi kamili, na nyingi zilipewa jina la mahali bakteria alipopatikana. Ndiyo sababu ramani yetu imo humo: kuna Zanzibar, Mombasa, Nairobi, Uganda, Bukavu, Kisangani, hata Kisarawe. Kisha katika miaka ya 1970 ulinganisho wa DNA ukaonyesha kwamba karibu wote ni spishi moja tu. Jina Salmonella enterica lilipendekezwa mwaka 1987, likabishaniwa, na likapitishwa rasmi mwaka 2005. Kwa hiyo bakteria wa homa ya matumbo, anayeandikwa S. typhi kwenye karatasi nyingi za maabara kana kwamba ni spishi, ni serova moja kati ya maelfu. Jina lake fupi siku hizi ni Salmonella Typhi, na hiyo T kubwa si kosa la uchapaji.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na serova yake. Spishi ilipogawanywa katika nususpishi sita, serova hiyo ikawa ndiyo mwembe wa mojawapo, na nususpishi nzima ikaitwa salamae. Makazi yake hasa ni wanyama wa damu baridi, kama mijusi na nyoka. Kisha ukaja uamuzi kwamba majina ya serova yabaki kwa nususpishi ya kwanza tu, ile inayowaambukiza watu zaidi, na wengine watajwe kwa fomula. Dar es Salaam ikafutwa kama serova, ikabaki kama ukoo. Kisarawe, jirani yake, imebaki na jina lake kamili.

Haya yote yanahusu jina. Mpaka wa spishi yenyewe ni jambo jingine, na hapo ushahidi unakuwa mwembamba. Bakteria hawaoani ili tuseme fulani na fulani wamezaa, basi ni wa aina moja. Wataalamu wamekubaliana kwamba jenomu mbili zikifanana kwa takribani asilimia 95 au 96, wenye nazo ni spishi moja. Ni makubaliano yanayofanya kazi vizuri, ila ni makubaliano. Kwa kipimo hicho Shigella wa kuhara damu ni Escherichia coli, lakini hospitali zimemzoea kwa jina lake na ameachwa nalo. Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, alipopendekezwa kuingizwa chini ya jamaa yake asiye hatari kiasi hicho, Tume ya Hukumu ya majina ilikataa mwaka 1985: daktari akilisoma jina vibaya, watu wanaweza kufa.

Tena wapo bakteria wengi sana wa udongoni na baharini ambao hakuna aliyeweza kuwaotesha maabara. Tunawajua kwa DNA yao tu. Bila kizazi hai hakuna kichupa, na bila kichupa hakuna mwembe, kwa hiyo hupewa jina la muda linalotanguliwa na neno Candidatus. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ilipiga kura kukataa jenomu kuwa kielelezo. Wanasayansi waliokuwa wakilitaka hilo wakaanzisha kanuni zao, SeqCode, mwaka 2022, na sasa madaftari ni mawili.