Mtoto aliyekosa hewa akizaliwa: dhana potofu na ukweli

"Hakulia, basi ubongo umeshaharibika."
Takriban mtoto 1 kati ya 10 huhitaji kusaidiwa ili aanze kupumua, na wengi wao hukua vizuri tu. Asipolia, la kwanza ni kumsaidia apumue, upesi.

"Apgar yake ilikuwa ndogo, hatatembea."
Apgar ni alama za hali ya mtoto mara tu anapozaliwa. Dkt. Virginia Apgar alizibuni mwaka 1952 ili wahudumu wamtambue haraka mtoto anayehitaji msaada. Hakuzitunga kutabiri akili wala miguu ya mtoto. Alama ikibaki chini hadi dakika ya 10 inatia wasiwasi zaidi, lakini nayo haitoshi peke yake.

"Ametulia, hatari imepita."
Hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Ubongo uliokosa hewa unaweza kuonekana umepata nafuu, kisha saa chache baadaye seli zikaanza kuishiwa nguvu upya. Ndiyo maana mtoto hupimwa tena na tena: daktari humtia kidole kinywani aone kama ananyonya kwa nguvu, humwinua mkono aone kama umelegea, humulika mboni za macho. Hata degedege huweza kujificha. Mtoto hatetemeki, anakodoa macho tu au anatafunatafuna midomo, na wakati mwingine ni kipimo cha umeme wa ubongo pekee kinachoigundua.

Saa 6 za kwanza ni za thamani kubwa. Ndani ya muda huo, mtoto aliyeathirika kwa kiwango cha kati au kikubwa anaweza kuanzishiwa tiba ya kushusha joto la mwili hadi takriban nyuzi 33.5 kwa saa 72. Tiba hii ni ya wodi yenye vifaa na uangalizi wa karibu. Kumpoza mtoto nyumbani ni kumhatarisha.

"Picha ya siku ya kwanza ni safi, tumepona."
Ultrasaundi ya mapema huweza kukosa jeraha. MRI, yaani picha ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi kuelekea mwisho wa wiki ya kwanza, hasa madhara ya sehemu za ndani kabisa zinazoongoza mwendo wa mwili. Ikiunganishwa na uchunguzi wa daktari na kipimo cha umeme, utabiri unapata uzito.

Kwa hiyo daktari akikwambia siku ya pili kwamba ni mapema kusema, hakufichi kitu. Muulize tarehe ya kliniki, na usiache kwenda hadi mtoto atimize angalau miaka 2. Shingo inayochelewa kukaza au ngumi zisizofunguka zikionekana mapema, mazoezi ya viungo nayo huanza mapema.