Kilomita za Msituni Si za Lami: Dhana Potofu Kuhusu Mbio za Milimani

Mara ya kwanza nilipokimbia kilomita 25 kwenye njia za msituni upande wa milima ya Uporoto, nilimwambia mke wangu aweke chakula cha mchana saa sita. Hesabu yangu ilikuwa ya lami: dakika sita kwa kilomita, naanza saa moja asubuhi, ikifika saa nne nimeshamaliza, nimekunywa chai na niko ndani ya Coaster narudi Mbeya mjini. Nilimaliza saa saba kasoro dakika kumi, tope hadi mapajani, nikafika nyumbani saa tisa. Wali ulikuwa umeganda, na mwenye wali naye hakuwa na maneno mengi.

Tangu siku hiyo nimekimbia na watu wengi wanaotoka jogingi za barabarani kuja kujaribu mlima. Wanakuja na maneno yaleyale niliyokuja nayo mimi.

"Kilomita ni kilomita"

Ndiyo, kwa mpima ardhi. Kwa mkimbiaji, kilomita ya barabara ya Tunduma na kilomita ya kupanda ukingo wa Ziwa Ngozi hazina undugu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, aliacha kanuni inayotumika mpaka leo na watembea milimani: hesabu saa moja kwa kila maili 3 za njia, halafu ongeza saa moja kwa kila futi 2,000 unazopanda, yaani kama mita 600. Ukiigeuza kanuni hiyo, kila mita 100 za kupanda zinakugharimu sawa na karibu mita 800 za tambarare. Njia yangu ile ilikuwa na mita 1,200 za kupanda. Kwa hiyo nililipa karibu kilomita 35, na hapo tope na mizizi bado havijadai chao.

Tazama hata mabingwa. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo, Septemba 2025, alitumia saa 2:09:48. Hiyo ni dakika tatu na sekunde chache kwa kila kilomita. Jim Walmsley, Mmarekani aliyeshinda mbio za kuuzunguka mlima Mont Blanc mwaka 2023, alikimbia kama kilomita 171 zenye kupanda kwa jumla ya takriban mita 10,000, akatumia saa 19 na dakika 37. Gawanya mwenyewe: inakuja karibu dakika saba kwa kilomita. Katika jogingi zetu za Jumamosi mwendo huo tungeuita wa wazee, na huyo ndiye aliyeshinda.

Siku hizi mtu akiniambia kuna mbio za kilomita 30 mahali fulani, namuuliza kwanza zinapanda mita ngapi. Mwandaaji asiyejua jibu, mimi hela yangu ya kiingilio naiacha mfukoni.

"Ukitembea, umeshindwa"

Hili linawaumiza sana vijana. Liliniumiza na mimi. Juu ya Isongole, kwenye mteremko mkali, nilimkuta mama mmoja amevaa gambuti, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, anapanda kwa miguu taratibu. Nikampita nikirukaruka kama mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakimbizwa na nini?"

Haikupita muda nilikuwa nimeinama, mikono magotini, moyo unapiga mpaka masikioni. Mama akanipita. Hakuwa anahema. "Pole, baba," akasema, akaendelea na mwendo uleule alioanza nao kule chini. Nilimwangalia nyayo: hatua fupi, mguu mzima unakanyaga, hakuna hata hatua moja iliyomrusha juu.

Alichokuwa anafanya kinapimika maabara. Kwenye mwinuko mkali sana, anayetembea hutumia nguvu kidogo kuliko anayekimbia, hata kama wote wawili wanapanda kwa kasi moja. Kila hatua ya kukimbia ni kuurusha mwili hewani, na kwenye mwinuko huo kazi ya kurusha haikupi faida yoyote. Ndiyo maana mabingwa wa mbio ndefu za milimani hutembea wazi mbele za watu, mikono inasukuma mapaja, au wameshika fimbo mbili. Ndiyo, fimbo. Kwetu fimbo ni ya babu, lakini inahamishia mikononi sehemu ya kazi ya miguu, na baada ya saa nne utaitamani. Kipimo changu ni rahisi: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, natembea.

"Kushuka ni kupumzika"

Kama ningeruhusiwa kufuta dhana moja tu, ningefuta hii.

Mkaaji wa nyanda hizi anajua habari za malori ya Kitonga na Iwambi. Lori haliharibikii kwenye kupanda. Kupanda ni kunguruma na moshi tu. Linaharibikia kwenye kushuka, breki zinapowaka mpaka harufu inafika kwenye basi la nyuma. Paja lako ni breki hiyo. Unaposhuka, msuli wa mbele wa paja unakaza ili goti lisikunje ghafla, na wakati huohuo unavutwa kwa nguvu kuwa mrefu. Kukaza huku ukivutwa ndiko kunakochanachana nyuzi ndogo za msuli. Wakati wa kushuka husikii kitu, pumzi imetulia, unajiona bingwa. Bili inakuja kesho yake na keshokutwa, maumivu yanapofikia kilele kati ya saa 24 na 72.

Jumatatu baada ya mbio zile nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta. Mwenzangu wa mezani akanipa maelezo ambayo kila mtu anayo: "Hiyo ni asidi imejaa kwenye misuli, kimbia kidogo itoke." Sivyo. Laktiki, yaani hiyo asidi anayoisema, inayotengenezwa wakati wa kukimbia kwa nguvu huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Kufika Jumatatu haipo kabisa. Kinachouma ni msuli uliojeruhiwa na sasa unajikarabati. Kujinyoosha kabla au baada nako hakuyazuii maumivu hayo, ingawa ukipenda kujinyoosha hakuna anayekukataza.

Kinachosaidia ni kushuka. Msuli ulioumizwa mara moja na mteremko hujenga kinga, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo wiki mbili tatu kabla ya mbio, tafuta mteremko, ushuke kwa kipimo, uumie kidogo, upone. Mimi naenda mlima Loleza, kwa sababu uko juu ya mji na hauna nauli.

Halafu kuna namna ya kushuka. Anayeogopa huegemea nyuma na kutupa mguu mbele, kisigino kwanza. Hapo anajitelezesha mwenyewe, hasa Rungwe ambako udongo wa volkano ukilowa unakuwa kama sabuni. Hatua ziwe fupi na za harakaharaka, magoti yalegee, mikono ipanuke kama ya mtu anayevuka daraja la gogo. Macho yasiangalie mguu, yaangalie hatua tatu nne mbele. Mzizi uliouona umeshapita. Unaokuangusha ni ule unaofuata.

"Kunywa maji mengi, usingoje kiu"

Nusu ya ushauri huu ni hatari. Katika marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 wana sodiamu pungufu kuliko kawaida, na waliopatwa zaidi ni wale walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kupita walichotoa kwa jasho. Chumvi ya damu ikizimuliwa, kichwa kinauma, kichefuchefu, vidole vinavimba, mtu anachanganyikiwa. Ubaya wake ni kwamba dalili hizo zinafanana na za mtu aliyekaukiwa, kwa hiyo wenzake wanamwongezea maji. Kunywa ukisikia kiu. Katika ubaridi wa msituni huku hiyo kiu ni ndogo kuliko unavyodhani.

Chakula ndicho wanachosahau. Mwili una akiba ya wanga ya kama kalori 2,000, na ikiisha ndipo watu wanaposema wamegonga ukuta. Mkimbiaji wa saa nyingi anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na kuanza mapema, kabla ya njaa. Glukosi ya pakiti inafanya kazi, lakini saa tano za utamu mtupu tumbo litakugomea. Ndizi mbivu moja ya kadiri ina kama gramu 25. Viazi mviringo vya kuchemsha, vimekatwa vipande na kupakwa chumvi, vinakaa vizuri kwenye kimfuko, na viazi ndiyo zao letu. Parachichi la Rungwe ni zuri sana, ila ulile jioni ukiwa umekaa: mafuta yake tumbo huchelewa kuyasaga.

Misuli ikikaza wote wanapiga kelele ya chumvi. Watafiti wa Afrika Kusini walipima damu za waliokazwa na wasiokazwa katika mbio ndefu, hawakukuta tofauti ya maana ya madini wala maji. Msuli uliochoka kuliko ulivyozoea ndio unaokaza. Simama, uvute taratibu mpaka uachie, halafu punguza mwendo.

"Mtu wa Mbeya amezaliwa na pumzi"

Na dhana dada yake: "kule juu oksijeni imepungua." Tuanze na dada. Sehemu ya oksijeni kwenye hewa ni ileile, karibu asilimia 21, iwe Kigamboni au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Ukifika ukingo wa Ngozi, juu ya mita 2,600, umebaki chini kidogo ya robo tatu. Kila pumzi inaingiza kidogo zaidi.

Mzaliwa wa huku amezoea hali hiyo akiwa amekaa. Anayekwenda kazini kwa bodaboda na kurudi kwa bodaboda hana faida nyingine. John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968, alitoka Mbulu, nyanda za juu za kaskazini, na bado Mexico City, mita 2,240, ilimkaza misuli. Akaanguka, akaumia goti, akamaliza wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Mgeni kutoka Dar anayefika Ijumaa na kukimbia Jumamosi asijidanganye kwamba usiku mmoja umemtosha. Chembe nyekundu za damu zinahitaji wiki, siyo usiku.

"Ukikimbia hupati baridi"

Mpaka pale unapoacha kukimbia. Umechoka, umelowa, umepunguza mwendo, upepo wa juu unavuma: joto la mwili linatoka haraka kuliko unavyolitengeneza. Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio za kilomita 100 za milimani mkoani Gansu, China, hali ya hewa iligeuka ghafla, mvua na upepo mkali, na kati ya washiriki 172 walikufa 21. Miongoni mwao walikuwamo wakimbiaji hodari kabisa, wamevaa fulana na bukta. Mchunga kondoo aliyekuwa amejibanza pangoni aliokoa sita.

Kitulo mwezi Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinaamka na barafu. Koti la mvua linalokunjika, kofia ya sufu, filimbi na tochi ya kichwani havifiki uzito wa lita moja ya maji. Mwandaaji akivikagua kabla ya kuanza, usimwone mnoko.

Mengine, kwa kifupi

Raba za bei mbaya si sharti. Sharti ni meno chini. Mwanjelwa kwenye mitumba utapata raba zenye meno kwa bei ya kawaida. Pindua soli kabla hujaangalia rangi. Ziache nafasi ya kidole gumba mbele, maana kwenye kushuka kucha zitagonga.

Kumeza vidonge vya maumivu kabla ya kuanza ni tabia mbaya iliyozagaa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji wa kilomita 80 waliomeza ibuprofen zaidi ya nusu walionyesha dalili za kuumia figo, dhidi ya kama theluthi ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

"Mbio ndefu hivyo si za wanawake." Januari 2019 Jasmin Paris alishinda mbio za majira ya baridi za kilomita kama 430 nchini Uingereza, akawaacha wanaume wote nyuma, na njiani alikuwa akisimama vituoni kukamua maziwa ya mwanawe. Nikiwaza yule mama wa Isongole, sishangai.

Maji ya kijito cha mlimani siyo safi kwa sababu ni baridi. Juu yako kuna ng'ombe. Beba vidonge vya kutibia maji.

La mwisho, eti msitu ni mtupu, ingia tu ukimbie. Msitu wa Rungwe ni hifadhi, una vibali na waongozaji wake, na ndani yake anaishi kipunji, kima ambaye sayansi ilimjua mwaka 2003 tu wakati wanakijiji walikuwa tayari wana jina lake. Njia unazokimbilia zilitengenezwa na miguu ya watu wanaokwenda shambani na kwa ng'ombe. Ukikutana na mwenye mzigo, simama, sogea upande wa mlima siyo wa bonde, msalimie, umwache apite kwanza.